Ajali Haina Kinga: Ni Neno la Nani?

Hakuna Mswahili asiyepata kusikia, au kusema mwenyewe, kwamba ajali haina kinga. Tunalisema neno hili msibani, tunalisema hospitalini, na tunalisema kwenye ile simu ya usiku wa manane inayotoka nyumbani. Ni neno linalopoza. Aliyefiwa akiambiwa hivyo huacha kujiuliza kwa nini alimruhusu mwanawe kupanda basi lile, na aliyenusurika huacha kujiuliza kwa nini yeye yu hai na mwenzake hayupo. Hatuna ugomvi na neno lenyewe. Katika makala hii tunataka kuuliza jambo moja tu: neno hilo ni haki ya nani kulisema? Tuna sababu ya kuuliza, na sababu yenyewe si ya kujivunia.

Sisi tulifika Uingereza mwaka 1992 kusomea uhandisi wa mitambo. Tukahitimu, tukaajiriwa, na mpaka leo mkate wetu unatokana na mashine. Kazi yetu ni kukagua vitu vinavyozunguka na vinavyobeba mzigo, na kusema kwa maandishi vitadumu hadi lini. Mwaka 2010 tulinunua gari dogo kutoka kwa mzee mmoja mjini Leicester. Lilikuwa limesimama uani kwake karibu miaka mitatu tangu alipoacha kuendesha. Injini ilikuwa safi, bodi haina kutu, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Tulikusudia kumpelekea shemeji yetu aliyeko Tanga, mtu ambaye nyumba yake ni kituo cha ukoo mzima: mgonjwa wa Muheza anafikia kwake, mwanafunzi anafikia kwake, na harusi inapangwa kwake.

Wasomaji waliowahi kujaza kontena wanajua hekaheka zake. Magodoro, jiko, mabegi ya nguo, baiskeli za watoto, na gari likingoja zamu yake. Jioni ya mwisho kabla ya kontena kufungwa tuliinama na tochi kuangalia matairi. Ubavuni mwa kila tairi la kisasa kuna tarakimu nne zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zile tulizozisoma zilikuwa 3801, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2001. Tairi lilikuwa na miaka tisa, na ubavuni lilikwisha kufanya nyufa ndogo ndogo, kama tope la bwawa lililokauka. Mama watoto alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Matairi vipi?" Tukamjibu, "Bado yana kashata."

Jibu lile lilikuwa kweli, na halikuwa jibu la swali lake. Yeye aliuliza kama watu watakuwa salama, sisi tukamjibu urefu wa mpira. Kontena lilikuwa linaondoka kesho yake asubuhi, fedha tulikwisha kuzimaliza kwenye nauli ya meli, na tulijiambia kwamba shemeji atayabadilisha huko huko. Lakini hatukumwambia ayabadilishe. Tulimwambia tu kwamba gari ni zuri.

Januari 2011, katika jua lile mnalolijua, shemeji alikuwa akitoka Dar es Salaam kurudi Tanga. Garini alikuwa na jirani yake na binti wa jirani huyo, mtoto wa miaka tisa, ambaye walikuwa wamempeleka kwa daktari wa macho. Walipopita Mkata tairi la mbele la kushoto lilipasuka, gari likaacha njia na kupinduka. Shemeji alivunjika mtulinga. Jirani alitoka na michubuko. Mtoto alivunjika paja mahali pawili, na mguu ule mpaka leo haukunyooka sawasawa. Hakufa mtu, na kwa hilo tunashukuru. Usiku ule shemeji mwenyewe alitupigia kutoka hospitali ili atutulize sisi. Akasema, "Shemeji, msijisumbue. Ajali haina kinga, na gari ni chuma tu." Na sisi, tuliojua wiki na mwaka wa lile tairi, tukamjibu, "Ni kweli, shemeji. Ajali haina kinga."

Maneno ni yale yale, lakini hayakuwa kitu kimoja. Tangu siku ile swali hili halijatutoka.

Tuanze na neno lenyewe. "Ajali" tumelipokea kutoka Kiarabu, na asili yake huko ni muda uliowekwa, ukomo wa jambo, kama siku ya kulipa deni au siku ya mtu kuondoka duniani. Wazee wetu walilitumia kwa maana hiyo: ajali yake imefika, yaani siku zake zimetimia. Kwa maana hiyo methali ni ya kweli kabisa, na mwenye imani hana haja ya kubishana nayo. Lakini magari yalipotuingilia tulilipa neno hili kazi ya pili, kutaja kugongana, kupinduka na kutumbukia korongoni. Ndipo mambo mawili yakaingia katika kapu moja: siku ya kufa, ambayo hatuijui wala hatuna uwezo nayo, na tairi la mbele la kushoto, ambalo tuliweza kulijua kwa kuinama na tochi. Tunachukua ukweli wa jambo la kwanza tunaufunikia jambo la pili.

Sikilizeni pia jinsi tunavyosimulia. Tairi lilipasuka. Gari liliacha njia. Lori lilifeli breki. Kila mara mtendaji ni chuma na mpira. Ni nadra kumsikia mtu akisema: tuliliacha tairi mpaka likapasuka, au: hatukubadilisha mafuta ya breki kwa miaka sita. Hili si letu peke yetu. Mwaka 2001 jarida la madaktari la hapa Uingereza, BMJ, lilitangaza kuacha kulitumia neno la Kiingereza lenye maana hii ya ajali, kwa hoja kwamba majeraha mengi yanayoitwa hivyo yanaweza kutabiriwa na kuzuiwa. Madaktari, ambao ndio wanaoshona majeraha hayo, walichoka na neno linalomaliza mazungumzo kabla hayajaanza.

Sasa hebu tulitazame gari kwa jicho la fundi. Mpira wa tairi huzeeka hata gari likisimama. Hewa na jua huukausha, unapoteza unyumbufu wake, na nyuzi za chuma zilizo ndani huanza kuachana na mpira uliozishika. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hujikunja ubavu kila linapozunguka, na kule kujikunja huzaa joto. Ongeza mzigo, ongeza mwendo, ongeza lami ya Januari kati ya Chalinze na Segera, na tairi lililokuwa zima katika baridi ya Leicester linafika mwisho wake. Kashata haikuambii habari hizo. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanashauri tairi lisizidi miaka kumi, hata kama linaonekana jipya.

Au chukueni breki. Mafuta ya breki yana tabia ya kunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4, yakiwa mapya, hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango chenyewe kinakubali yachemke kwenye nyuzi 155. Ukiwa unaendesha mjini hutaona tofauti yoyote. Tofauti utaiona siku ukishuka Lushoto kwenda Mombo, kona baada ya kona, mguu ukiwa juu ya breki, gari limejaa watu na mizigo. Breki zinapata moto, mafuta yanachemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na kwa kuwa mvuke unabonyea, pedeli inazama mpaka chini bila gari kusimama. Kesho yake gazeti litaandika kwamba gari lilifeli breki. Kumbe zilianza kufeli siku nyingi kabla, pale gereji, mtu aliposema, "Hayo yaache, bado yapo."

Mwendo nao una hesabu yake. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu inayotakiwa kuzimwa na breki huongezeka mara nne. Kanuni za barabarani za Uingereza zinakadiria kwamba gari lenye mwendo wa maili 30 kwa saa, yaani kilometa 48 hivi, linahitaji mita 23 ili kusimama, na lenye maili 60 linahitaji mita 73. Na hapo wamekadiria breki nzima, tairi zima na dereva aliye macho.

Tumeyataja haya ili kuonyesha kwamba mengi tunayoyaita ajali yana historia ndefu kabla ya siku yake. Kwa hiyo badala ya kuuliza tu kama ni ajali au si ajali, tunapendekeza tupange mambo katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni lile ambalo hakuna mtu aliyeweza kulijua. Jiwe linaporomoka mlimani mbele yako. Chuma kina kasoro ya ndani tangu kiwandani, isiyoonekana kwa macho. Hapa methali ina haki yake yote. Ngazi ya pili ni lile ambalo tungeweza kulijua kama tungeangalia, lakini hatukuangalia. Ngazi ya tatu ni lile tulilolijua. Wengi wetu tunajihesabu kuwa ni watu wa ngazi ya kwanza, huku tunaishi katika ya pili. Sisi, usiku ule wa tochi, tulikuwa katika ya tatu.

Na jambo halikai ngazi moja milele. Elimu ikiongezeka, nalo husogea. Mfano mzuri ni mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani. Kemikali iliyotumika kuijaza hewa iliharibika polepole kwa joto na unyevu, na mfuko ulipofunguka ungeweza kurusha vipande vya chuma usoni mwa mtu uliyekusudiwa kumwokoa. Mwanzoni dereva hakuwa na njia ya kujua. Kisha makumi ya mamilioni ya magari yakaitwa yarudishwe yabadilishwe, kampuni ikafilisika mwaka 2017, na leo mtu akiwa na namba ya chasisi anaweza kuuliza kama gari lake ni miongoni mwao. Joto na unyevu, ndugu wasomaji, ndiyo hali ya hewa ya Tanga, Mombasa na Unguja. Anayepeleka gari la miaka ile pwani bila kuuliza, ameshuka kutoka ngazi ya kwanza hadi ya pili bila kujua kwamba ameshuka.

Hapa pengine msomaji atasema: lakini sisi huku tunatunza magari yetu vizuri. Ni kweli, na tujiulize kwa nini. Tangu mwaka 1960 Uingereza ina ukaguzi wa lazima, ambao sote tunauita MOT. Leo, katika sehemu kubwa ya nchi, gari likitimiza miaka mitatu hupimwa kila mwaka: breki, taa, mikanda, usukani, kutu, na kashata isiyopungua milimita 1.6. Likishindwa, haliruhusiwi barabarani. Kuna faini, kuna bima, kuna kamera. Sasa mtu anayetunza gari kwa kuogopa faini, je, ametimiza wajibu wake au ametii tu? Huwezi kujua mpaka umwone mahali pasipo na faini. Tuangaliane tukishuka uwanja wa ndege nyumbani. Yule yule ambaye Reading hatoki getini bila kufunga mkanda, akifika Dar anaupitisha begani bila kuuchomeka, na mtoto anamweka mbele amempakata.

Isitoshe, sheria yenyewe haioni kila kitu. Septemba 2012 basi lililokuwa likirudisha vijana kutoka tamasha la muziki liliacha njia huko Hindhead, kusini mwa Uingereza, baada ya tairi la mbele kupasuka. Watu watatu walikufa. Tairi lile lilikuwa na miaka zaidi ya 19. Kashata yake ilikuwa ya kutosha, na sheria ya wakati ule haikuwa na neno juu ya umri wa tairi. Ndugu wa marehemu walidai mabadiliko kwa miaka mingi, mpaka Februari 2021 ndipo matairi yenye zaidi ya miaka kumi yalipopigwa marufuku kwenye ekseli ya mbele ya mabasi na malori. Tuliposoma habari za basi lile tulijiona wenyewe. "Bado yana kashata" lilikuwa pia jibu la sheria. Sheria ni sakafu ya chini kabisa, na dhamiri inatakiwa isimame juu yake.

Tukirudi kwetu sisi tunaopeleka magari nyumbani, jambo hili lina uzito wa pekee. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yalisafirishwa kutoka Ulaya, Marekani na Japani kwenda nchi nyingine, na asilimia 40 hivi yaliingia Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi walipoyachunguza yaliyokuwa yakipitia bandari zao kwenda Afrika, waligundua kwamba mengi hayakuwa na cheti halali cha ukaguzi siku ya kuondoka. Kwa maneno mengine, gari likishindwa kupita kwao, bei yake huanguka, na bei ikianguka ndipo sisi tunapoliona kuwa linafaa kwa nyumbani. Wakati huo huo Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, na kwamba Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa kuliko kanda zote, karibu watu 19 kwa kila 100,000. Ulaya hawafiki saba.

Serikali zetu zimejaribu. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane. Uganda mwaka 2018 iliweka mpaka wa miaka 15. Tanzania huongeza ushuru gari likiwa kuukuu. Lakini umri wa gari si umri wa tairi lake, wala si hali ya breki zake. Gari la miaka sita laweza kuwa na matairi ya miaka tisa aliyoyavaa mtu ili apate kuliuza.

Wapo watakaotujibu, na majibu yao tunayaheshimu kwa sababu tuliwahi kujipa wenyewe. La kwanza: gari kuukuu ni bora kuliko kutokuwa na gari. Mama anayeshikwa na uchungu usiku hatangoja gari jipya. Hili ni kweli. Gari letu lile, baada ya kutengenezwa, lilipeleka watu hospitali kwa miaka mingine saba, na hatusemi lisingepelekwa. Tunasema lingepelekwa na matairi mapya, ambayo bei yake haikufika hata nusu ya nauli ya meli tuliyolipa. Tusiulize tu kama gari ni bora kuliko kutembea kwa miguu. Tuulize pia kama tulifanya lile dogo lililokuwa katika uwezo wetu.

La pili: nyumbani barabara ni mbovu, madereva wana haraka, malori hayana taa, kwa hiyo tairi letu ni tone katika bahari. Lakini ajali haihitaji sababu moja kubwa, huhitaji sababu ndogo kadhaa zikutane. Barabara mbovu haitufutii deni letu. Inaliongeza, maana tunajua gari linakwenda wapi. Anayepeleka mtumbwi kwenye bahari yenye mawimbi ndiye anayepaswa kuziba nyufa zaidi.

La tatu, na ndilo gumu: kila mtu na bahati yake, dereva mwenyewe amekubali hatari. Hapa ndipo tunapotaka wasomaji wasimame nasi kidogo. Mtu mzima akiamua kuhatarisha roho yake mwenyewe, tunaweza kumshauri tu. Lakini katika gari, mara nyingi anayeamua siye anayeumia. Anayeamua ni mwenye gari, au fundi, au muuzaji, au sisi huku mbali tuliokuwa na tochi mkononi. Anayeumia ni abiria aliyepewa lifti, au mtoto anayevuka barabara akienda shule. Yule binti wa miaka tisa hakuwa na jinsi ya kusoma tarakimu ubavuni mwa tairi. Alifungua mlango akaketi, akaamini kwamba kila mtu mzima aliyetangulia kulishika gari lile alifanya sehemu yake. Imani ya namna hiyo ndiyo wazee wetu waliyoiita amana. Nguo au fedha ukiwekewa amana unaweza kuirudisha au kuilipa. Mguu wa mtoto hauna wa kuulipa.

Na wala hatuoni kwamba kutunza gari kunapingana na kumtegemea Mungu. Tulipokuwa watoto tulifundishwa kwamba mtu hufunga mnyama wake kwanza, ndipo akatawakali. Anayeacha kufunga kisha akasema ni kudra, amemsingizia Mola kazi aliyoiacha yeye.

Basi tufanye nini? Sisi tangu mwaka ule tumejiwekea desturi chache, na tunazitaja kwa sababu si ngumu. Gari likienda nyumbani tunasoma tarehe ya matairi yote, pamoja na la akiba, na lililozidi miaka sita tunaliacha huku. Tunabadilisha mafuta ya breki hata kama yanaonekana masafi, na tunaangalia padi zake. Tunauliza kwa namba ya chasisi kama gari limewahi kuitwa kiwandani. Tunavuta kila mkanda, wa mbele na wa nyuma, kuona kama unakaza. Na la mwisho, ambalo halina gharama yoyote, tunaandika barua ya Kiswahili na kuiweka kwenye droo ya dashibodi: gari hili lina kasoro hii na hii, hiki kimebadilishwa, hiki bado, upepo wa matairi ni kiasi hiki, hiki usikicheleweshe. Barua ile haimlindi mtu kwa chuma. Inamrudishia haki yake ya kujua anachokikalia.

Tunaomba pia tuwasaidie wenzetu kuyatunza. Tunatuma fedha za ada, za matibabu na za harusi, lakini ni mara ngapi tumetuma fedha za tairi? Jamaa akisema gari linahitaji matengenezo, mara nyingi tunashuku kwamba anatafuta fedha ya matumizi. Yawezekana mara moja moja ni hivyo. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu wakati mwingine hujengwa na watu wasiokuwa na hatia.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kwa miaka kumi na mbili, kila tulipokwenda Tanga, yule binti alikuja kutuamkia. Sasa ni msichana mkubwa, anachechemea kidogo, na ana maneno mengi ya kuchekesha. "Shikamoo, mjomba." Kisha anatushukuru kwa lile gari, maana ndilo lililompeleka mama yake hospitali ya mkoa usiku aliozaliwa mdogo wake. Shukrani zile tulikuwa tukizipokea huku tumeangalia chini. Mwaka 2023 hatukuweza tena. Tulikwenda kwa baba yake baada ya sala ya alasiri, tukaketi naye barazani, na tukamweleza habari ya tochi na tarakimu nne.

Alinyamaza kwa muda mrefu. Alituuliza swali moja tu: "Mlijua?" Tukasema, "Tulijua." Akanyamaza tena. Kisha akatuwekea mkono begani na kusema, "Ajali haina kinga, ndugu yangu."

Safari hii hatukumjibu kwamba ni kweli. Tulimwambia ahsante, kwa sababu alichotupa ni msamaha, na msamaha ulikuwa wake kuutoa. Hapo ndipo tulipopata jibu la swali letu. Neno hili ni la aliyeumia. Ana haki ya kulisema ili apumue, na ana haki ya kumpa mwingine kama zawadi. Aliyekuwa ameshika spana, aliyetia sahihi, aliyeuza, aliyepeleka, aliyeendesha, hana haki ya kulitangulia kulisema. Kwake yeye, kabla ya safari, ajali ina kinga nyingi, na nyingine ni rahisi kama kuinama na tochi jioni moja na kujibu swali lililoulizwa.

Tunawatakia safari njema, huku na nyumbani.